Kurekebisha sauti ya muziki wa nyumbani kwa ikwalaiza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa mtu mwenye sabufa, au amplifaya na spika zake, au televisheni iliyounganishwa na spika za pembeni, anayeishi katika nyumba ya kawaida ya Dar es Salaam: kuta za tofali za saruji, sakafu ya marumaru, madirisha ya aluminiamu, na jirani aliye hatua chache kutoka dirishani. Neno sabufa limetumika kama linavyotumika mjini hapa, yaani seti nzima na spika zake ndogo. Pale linapohusu boksi la besi peke yake, imeelezwa hivyo.

Ikwalaiza ni nini hasa, na inatofautianaje na vidhibiti vya besi na treblo?

Ni kifaa au programu inayogawa sauti katika mafungu ya masafa, kutoka mtikisiko wa chini kabisa wa Hz 20 (Hz ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde) hadi mlio mwembamba wa Hz 20,000, na kukuwezesha kupandisha au kushusha kila fungu bila kugusa mengine sana. Jina lilitokana na kazi ya mafundi wa simu, ambao nyaya zao ndefu zilikuwa zikimeza masafa ya juu, wakatafuta namna ya kuyasawazisha na yale ya chini ili msikilizaji wa upande wa pili asikie kilichosemwa upande huu. Inafaa kulikumbuka jambo hilo, kwa sababu watu wengi siku hizi huitumia ikwalaiza kama kiungo cha kukolezea mchuzi, ilhali iliundwa kwa ajili ya kurekebisha kasoro.

Vidhibiti vya besi na treblo navyo ni ikwalaiza, ila ya mafungu mawili tu. Saketi yake iliyoenea sana ilichapishwa na Mwingereza Peter Baxandall mwaka 1952. Udhaifu wake ni upana: ukishusha besi kwa sababu chumba kinanguruma kwenye Hz 50, unashusha pamoja nayo Hz 100, ambako teke la ngoma lilikuwa limekaa vizuri. Ikwalaiza ya bendi 10 huwa na kidhibiti kimoja kwa kila okteva, yaani kila masafa yanapoongezeka mara mbili, kuanzia Hz 31, 63, 125 na kuendelea hadi 16,000. Ile ya bendi 31 huigawa kila okteva mara tatu. Aina ya tatu, ya parametriki, ilielezwa na Mmarekani George Massenburg mwaka 1972, nayo hukuruhusu kuchagua masafa unayoyataka, kiasi cha kupandisha au kushusha, na upana wa eneo litakaloguswa. Kwa tatizo la besi nyumbani, hii ya mwisho ndiyo bora, na siku hizi hupatikana bure katika programu nyingi za simu na kompyuta.

Sabufa ilisikika vizuri dukani Kariakoo, lakini nyumbani inanguruma. Nimeuziwa mbovu?

Huenda kifaa ni kizima kabisa. Dukani pamejaa maboksi yaliyopangwa hadi darini, watu wanapita, na mlango uko wazi upande wa mtaa. Besi inatoka nje isirudi. Sebuleni kwako besi inagonga saruji na kurudi, inagonga ukuta wa pili na kurudi tena, na katika masafa fulani mawimbi yanayokwenda na yanayorudi yanapandana hadi chumba chenyewe kinaanza kuvuma. Masafa hayo hutegemea vipimo vya chumba, si chapa ya spika.

Hesabu yake ni rahisi. Katika joto letu la takriban nyuzi 30, sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde. Gawanya 175, yaani nusu ya mwendo huo, kwa urefu wa chumba kwa mita, utapata masafa ya kwanza ambayo chumba kitayakuza. Sebule ninayoifahamu zaidi, ambayo ni yangu mwenyewe huko Tabata, ina urefu wa mita 4.4, upana wa mita 3.5 na dari lililo mita 2.9 juu ya sakafu. Majibu ni takriban Hz 40, 50 na 60. Yote matatu yamekaa katikati ya besi ya bongo fleva, ndiyo maana mgeni akiingia mara ya kwanza husifu “mziki mnene”, kumbe anausifu ukuta.

Dirisha nalo lina sehemu yake. Mwishoni mwa karne ya 19, Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard alipoanza kupima jinsi vyumba vinavyomeza sauti, kipimo alichokitumia kilikuwa eneo la dirisha lililo wazi, kwa kuwa sauti inayopita dirishani hairudi. Kwa hiyo nyumba yenye kiyoyozi, iliyofungwa kila upande, na nyumba inayotegemea feni na madirisha wazi ni vyumba viwili tofauti hata kama vimejengwa kwa ramani moja. Rekebisha sauti madirisha yakiwa katika hali unayosikilizia kila siku.

Nifanye nini kabla ya kugusa ikwalaiza?

Sogeza vitu. Ushauri huu huwaudhi watu waliokwisha kutoa fedha, lakini hakuna kidhibiti kinachoweza kufanya kazi ya kusogeza boksi la besi kwa nusu mita. Boksi likikaa kwenye kona, kuta mbili na sakafu huliongezea nguvu katika besi yote, na kona ndiyo mahali linapowekwa katika nyumba tisa kati ya kumi nilizowahi kuingia, kwa sababu hapo halimzuii mtu kupita. Lisogeze kando ya ukuta mmoja, mbali na kona, usikilize wimbo uleule, kisha lisogeze tena. Spika ndogo zisiwekwe ndani ya kabati la televisheni nyuma ya mlango wa kioo, wala zisielekezwe kwenye magoti. Twita, yaani vispika vya milio myembamba, zilingane na usawa wa masikio ya mtu aliyeketi.

Mahali pa kochi ndipo penye uzito kuliko yote. Desturi yetu ni kuegemeza makochi ukutani ili katikati pabaki wazi, na ukutani ndipo besi ya chumba hujikusanya kwa wingi. Ukilivuta kochi mbele hata sentimita 50, utasikia tofauti bila kugusa kitu kingine. Usilipeleke katikati kabisa ya chumba, maana hapo masafa yaleyale yaliyokuwa yakinguruma ukutani hutoweka karibu yote. Anayeishi katika chumba kimoja chenye kitanda, jiko na redio hana anasa ya kusogeza chochote. Yeye ndiye ikwalaiza itamsaidia zaidi, na aende moja kwa moja kwenye swali linalofuata.

Nitajuaje masafa yanayosumbua chumba changu?

Anza kwa kuweka kila kidhibiti kwenye sifuri, kuanzia ikwalaiza, besi, treblo, hadi vile vitufe vya mapambo vyenye majina ya muziki. Pakua kwenye simu programu ya kutoa mlio wa masafa moja moja, iunganishe na sabufa kwa waya, weka sauti ya wastani, kisha uketi pale unapoketi siku zote. Anza Hz 30 upande polepole, Hz 2 kwa Hz 2, hadi 200. Mlio unaotoka ni wenye nguvu ileile muda wote, lakini wewe hutausikia hivyo: kuna mahali utafifia, na kuna mahali utavimba ghafla, kioo cha dirisha kitetemeke kwenye reli yake na kijiko kilie ndani ya kikombe. Andika namba ya kila mahali ulipovimba na ulipofifia. Zoezi lote halizidi robo saa, ila waeleze wenzako wa nyumbani kwanza, maana mlio huo unachosha.

Palipovimba, shusha. Ukiwa na ikwalaiza ya parametriki, weka namba uliyoiandika, chagua upana mwembamba, na ushushe desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Rudia mlio, na kama bado umevimba, endelea hadi desibeli 6 au hata 8. Ukiwa na ya bendi 10, tumia kidhibiti kilicho karibu zaidi, na ukubali kwamba kitagusa pia yasiyohitaji kuguswa.

Palipofifia, paache. Hili ndilo kosa linaloharibu kazi nzuri: mtu anaona Hz 80 haisikiki, anaipandisha desibeli 10, na bado haisikiki, kwa sababu wimbi linalotoka kwenye spika linafutwa na lile linalorudi kutoka ukutani. Kadiri unavyoliongezea nguvu la kwanza, ndivyo la pili nalo linavyoongezeka, na yanazidi kufutana. Amplifaya inataabika, spika inataabika, na shimo liko palepale. Dawa yake ni kusogeza spika au kiti. Kama shimo liko kwenye masafa ambayo boksi la besi na spika ndogo hupokezana, ambayo mara nyingi ni karibu na Hz 80, jaribu pia swichi ya fezi iliyo nyuma ya boksi, yenye alama 0 na 180, ambayo hugeuza wimbi la besi juu chini, ubaki na upande unaotoa besi nyingi zaidi pale ulipoketi.

Je, ninahitaji maikrofoni ya kupimia?

Kwa besi, masikio na mlio wa simu vinatosha. Anayetaka kuona mchoro anaweza kutumia Room EQ Wizard, programu ya kompyuta inayotolewa bure, pamoja na maikrofoni ya kupimia yenye faili lake la usahihisho. Maikrofoni ya simu imetengenezwa kwa ajili ya maongezi. Usiiamini kwenye besi ya chini.

Kuna ubaya gani kupandisha besi na treblo na kushusha katikati?

Ule mpangilio ambao vidhibiti hukaa kama tumbo la ngalawa, pembeni juu na katikati chini, unavutia kwa dakika 5. Besi inapiga, matoazi yanameta, na mtu anajiona ameufungua muziki. Baada ya nusu saa masikio yanachoka, na ukitafuta sauti ya mwimbaji unaikuta imekaa nyuma kama mtu anayeimba chumba cha pili, kwa kuwa sauti ya binadamu, gitaa, udi na fidla vyote vinaishi katikati, pale ulipopashusha.

Ubaya wa pili ni wa gharama. Kila desibeli 3 unazopandisha zinahitaji nguvu mara mbili, desibeli 6 mara nne, na desibeli 10 mara kumi. Amplifaya iliyokuwa ikitoa wati 10 kwenye besi sasa inadaiwa wati 100 ambazo haina. Inapofikia mwisho wake hukata vilele vya mawimbi, na mawimbi yaliyokatwa vilele huzaa masafa mengi ya juu yanayokwenda kuichoma twita. Ndivyo nilivyozipoteza twita mbili kwa usiku mmoja wa sherehe ya ubatizo, vidhibiti vya pembeni vikiwa vimegota juu. Fundi alizifungua mbele yangu, akanionyesha uzi wa koili, mwembamba kama unywele, umekatika na kuwa mweusi, akauliza swali moja tu: “Ulipandisha zote?” Sikuwa na la kujibu.

Ukitaka besi zaidi ya treblo, shusha treblo kidogo kisha ongeza sauti kuu. Uwiano utaupata uleule. Na ukilazimika kupandisha bendi yoyote katika programu ya simu au kompyuta, shusha sauti ya kuingilia, yaani ile inayoingia kwenye ikwalaiza, kwa kiasi hichohicho: umepandisha desibeli 4, shusha 4.

Boksi limeandikwa wati elfu kadhaa. Kwa nini basi inakwaruza mapema?

Kwa sababu namba hiyo mara nyingi ni ya PMPO, kipimo kisicho na kanuni yoyote, ambacho mtengenezaji hujipangia atakavyo. Geuza kifaa, usome bamba la nyuma karibu na waya wa umeme. Kama limeandikwa kwamba kinatumia wati 60 kwenye umeme wa volti 230, hakiwezi kutoa kwa mfululizo zaidi ya kinachokula. Tafuta namba ya RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa kwa mfululizo, na upange ikwalaiza yako kwa namba hiyo.

Taarifa ya habari haieleweki. Maneno yanasikika kama yanatoka ndani ya pipa. Nifanyeje?

Kwanza shusha eneo la Hz 150 hadi 300 kwa desibeli 3 au 4. Eneo hilo hubeba uzito wa sauti ya mwanamume, na chumba kitupu huliongeza hadi likafunika maneno. Mara nyingi hapo utakuwa umemaliza. Kama msomaji bado amefifia, pandisha Hz 2,000 hadi 4,000 kwa desibeli 2 tu, kwa sababu ndipo sikio linaposikia kwa wepesi kuliko mahali pengine popote, na ndipo konsonanti zinapotofautiana. Bila hapo, “pata” na “kata” havitenganishiki vizuri. Ukizidisha, sauti itaanza kuchoma masikio. Ikiwa kila “s” na “sh” inapiga mluzi, shusha kati ya Hz 5,000 na 8,000. Ikiwa mtu anasikika kama anasemea puani au ndani ya kopo, tafuta kati ya Hz 500 na 1,000.

Marumaru tupu nazo zina lawama, maana zinarudisha kila silabi. Zulia mbele ya televisheni na pazia zito lenye mikunjo husafisha maneno kuliko kidhibiti chochote, ingawa havitaigusa besi kabisa.

Niwe na mpangilio mmoja kwa muziki wote, au kila muziki uwe na wake?

Marekebisho ya chumba ni mamoja, kwa kuwa chumba hakibadiliki wimbo unapobadilika. Yahifadhi, usiyaguse. Juu yake unaweza kuwa na badiliko dogo la ladha, la desibeli 1 hadi 3, kwa aina fulani ya muziki.

Singeli ndiyo mtihani mkali kuliko yote, na ni bahati kwamba muziki huo ulizaliwa mjini hapa. Ukiwa na mapigo 200 kwa dakika, pigo moja na jingine hutenganishwa na sekunde 0.3 tu. Chumba cha saruji kinachovuma kwenye Hz 50 kinaweza kuendelea kuvuma hata baada ya pigo la pili kufika, kwa hiyo mapigo yanaungana na kuwa mvumo mmoja usio na umbo. Watu husema “singeli ni kelele”, ilhali hawajaisikia, wamesikia sebule. Shusha masafa yaliyovimba katika lile zoezi la mlio, kisha upige wimbo uleule: ukiweza kuhesabu mapigo ya chini kwa kidole kwenye paja, umefaulu. Taarabu haihitaji hayo yote. Inachodai ni katikati pasiposhushwa, ili fidla na sauti ya mwimbaji visimame mbele. Rekodi za zamani za muziki wa dansi zina besi ndogo na mchakacho wa kanda juu. Shusha kidogo juu ya Hz 8,000, na usijaribu kuziongezea besi ambayo haikurekodiwa.

Unapolinganisha mipangilio miwili, hakikisha ukubwa wa sauti ni uleule. Mpangilio wenye sauti kubwa zaidi, hata kwa desibeli 1, utauona bora bila sababu.

Simu ina ikwalaiza, televisheni inayo, sabufa nayo inayo. Nitumie ipi?

Moja tu, na nyingine zote ziwe sifuri. Iliyo bora ni ile ambayo sauti zote hupitia, yaani ya sabufa au amplifaya. Lakini ikiwa ya sabufa ina vidhibiti viwili na ya simu ina kumi, na wewe muziki wako wote unatoka kwenye simu, tumia ya simu.

Usiku nikipunguza sauti, besi inapotea. Ni kifaa au ni masikio?

Ni masikio. Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell nchini Marekani walilionyesha mwaka 1933: kadiri sauti inavyokuwa ndogo, ndivyo sikio linavyopoteza besi kwa haraka kuliko sauti za katikati. Kitufe cha laudinesi kwenye amplifaya za zamani kiliwekwa kwa ajili hiyo, na kinafaa usiku peke yake. Kikiachwa mchana, sauti ikiwa juu, kinarudisha mngurumo wote ulioushusha.

Kabla ya kukibonyeza, mfikirie jirani. Besi hupita kwenye ukuta na dirisha kwa wepesi kuliko maneno, kwa hiyo asiyesikia hata neno moja la wimbo wako anaweza kuwa anahesabu kila pigo lake kitandani. Kushusha kila kilicho chini ya Hz 60 baada ya saa nne usiku hakukuharibii wimbo sana, na kwake ni tofauti ya kulala na kukesha. Kelele zina kanuni chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na mamlaka za mazingira za serikali ndizo wasimamizi wake, lakini ni vizuri jirani asifikishwe huko.

Kuna mvumo usiokoma hata muziki ukizimwa. Niushushe kwa ikwalaiza?

Hapana. Mvumo wa Hz 50 au 100 ni wa umeme, na unaingia kupitia waya mbovu, plagi isiyo na ethi, au vifaa viwili vilivyochomekwa kwenye soketi tofauti. Chomoa waya za sauti moja baada ya nyingine hadi unyamaze, ubadilishe ile iliyouleta.

Vidhibiti vya ikwalaiza yangu ya zamani vinakwaruza nikivisogeza.

Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na vumbi humaliza kazi. Zima umeme, pulizia dawa ya kusafishia viunganishi, sogeza kila kidhibiti juu na chini mara 20 au 30, na uache ikauke kabla ya kuwasha. Mafuta ya kawaida yasitumike, kwa kuwa yanashika vumbi jipya.

Umeme ukikatika, sabufa inasahau mipangilio yote. Nifanyeje?

Vifaa vingi vya bei ya chini havina kumbukumbu inayobaki bila umeme. Andika namba zako kwenye kipande cha karatasi kwa kalamu ya wino usiofutika, bendi na desibeli zake, pamoja na mahali boksi la besi lilipokaa ukipima kutoka ukutani, na ukigundishe kwa selotepu nyuma ya sabufa. Changu kina mistari minne, na wa mwisho unasema: kochi, sentimita 55.